Togo na Majirani Waliohama

Mnamo Mei 28, 1975, jumuiya ya ECOWAS ilipoasisiwa mjini Lagos, Togo ilikuwa mstari wa mbele. Rais Gnassingbé Eyadéma na Jenerali Yakubu Gowon wa Nigeria ndio waliolipigania wazo hilo zaidi. Nusu karne baadaye, Januari 29, 2025, jirani wa kaskazini, Burkina Faso, aliihama jumuiya hiyo pamoja na Mali na Niger. Yamkini ulitarajia muasisi anune. Togo haikununa, na hesabu yake yastahili kuchunguzwa na walimu na wanafunzi wetu.

Tazama ramani. Mataifa hayo matatu hayana bahari. Pwani ya Togo haifiki kilomita 60, lakini pana bandari ya Lomé yenye kina kirefu, na malori ya shehena hupanda kutoka hapo hadi Cinkassé, mpakani mwa Burkina Faso. Kumfungia jirani huyo mlango ni kujifungia duka.

Benin iliyaonja hayo. Rais Mohamed Bazoum wa Niger alipopinduliwa Julai 26, 2023, ECOWAS iliweka vikwazo, Benin ikatii na kufunga mpaka. Vikwazo vilipoondolewa Februari 2024, Niger ilikataa kufungua upande wake. Shehena zilizozoea kupitia Cotonou zikazungukia Lomé na kuvuka Burkina Faso, njia ndefu yenye waasi wenye silaha. Mwezi wa Mei 2024 hata mafuta ya Niger, yanayosafirishwa kwa bomba la karibu kilomita 2,000 hadi pwani ya Benin, yaliingizwa katika ugomvi huo. (Sisi ambao mpaka wetu na Tanzania ulifungwa tangu 1977 hadi 1983 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.)

Hata hivyo, tusiupambe sana werevu wa Togo. Waliohama hawakuihama UEMOA, umoja wanaotumia pamoja na Togo faranga ya CFA. Isitoshe, siku ile ile ya talaka ECOWAS yenyewe iliwataka wanachama waendelee kuzitambua pasipoti za raia wa mataifa hayo na kupokea bidhaa zao kama awali. Biashara, basi, haikuvunjika kwa kiasi kilichohofiwa.

Linalonikera ni jingine. Ukoo wa Gnassingbé umetawala tangu 1967, na katiba iliyobadilishwa mwaka 2024 imewaondolea raia haki ya kumchagua rais moja kwa moja. Serikali ya namna hiyo haioni hasara kubwa jumuiya yenye kudai demokrasia inapodhoofika. Januari 2025 Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Dussey, alisema haikuwa muhali kwa Togo kujiunga na muungano wa wale watatu. Siku hiyo ikifika, malori hayatakosa njia. Raia ndiye atakayekosa mlango wa mahakama ya ECOWAS mjini Abuja, ile iliyoamua Juni 2020 kwamba Serikali ya Togo ilivunja haki ilipozima intaneti wakati wa maandamano ya 2017.