Kinga ya Ulevi Huanzia Kijijini

Katika milima ya Umatengo, mkulima hasubiri mvua imomonyoe udongo ndipo achimbe ngoro. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha huzifunika kwa udongo na kuacha mashimo ya kupokea maji. Kinga huandaliwa kabla ya hatari. Utaratibu huo huo unahitajika dhidi ya ulevi na dawa za kulevya, kwani anayekwisha kunaswa na ulevi ni vigumu zaidi kumwokoa kuliko yule ambaye bado hajaanza.

Tatizo hili lina majira yake. Tangu mwaka 2011, uchimbaji wa makaa ya mawe Ngaka, katika Kata ya Ruanda, umeleta ajira, malori, vibanda vya mama lishe na nyumba za kulala wageni. Katika maeneo ya milimani, mavuno ya kahawa hufika katikati ya mwaka na fedha za mauzo hufuata. Hizi ni neema. Hata hivyo, fedha inapofika kwa mkupuo mahali ambapo burudani iliyo karibu ni kilabu cha pombe, sehemu ya ada ya shule na mbolea ya msimu ujao huishia huko.

Walio hatarini zaidi

Kundi la kwanza ni watoto, hasa wanaotumwa kununua pombe au kusaidia kuiuza. Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi baada ya umri wa miaka 20. Anayeanza kunywa mapema huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtegemezi wa pombe. Kundi la pili ni vijana wa vibarua wanaoishi mbali na wazazi. Wapo pia wajawazito, ambao hakuna kiasi cha pombe kinachothibitishwa kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, na wazee au wafiwa wanaotumia pombe kupunguza upweke.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe au kilevi chochote mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Biashara ya pombe huhitaji leseni na huendeshwa kwa saa zilizowekwa. Kutengeneza gongo bila kibali ni kosa. Aidha, kinywaji hicho hakipimwi ukali wake, na kikichanganyika na methanoli huweza kupofusha au kuua. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bhangi.

Sheria peke yake haitoshi. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017, iliondoa sokoni kilevi cha bei nafuu ambacho mtoto aliweza kukificha mfukoni. Marufuku hiyo haikuweza kuufikia mtungi ulio uani. Nyuma ya mtungi huo mara nyingi yupo mama anayesomesha watoto kwa komoni au kangara. Ukivunjwa mtungi wake bila kuwapo njia nyingine ya kipato, kesho utapikwa mwingine mahali pa siri zaidi.

Hatua zilizo mikononi mwa wananchi

Hatua ya kwanza ni sheria ndogo za kijiji. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu baada ya kupata maoni ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha huiwasilisha Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Kwa njia hiyo, kijiji kinaweza kuzuia vilabu karibu na shule, kudhibiti uuzaji wa pombe saa za kazi na kumwajibisha anayemtuma mtoto kilabuni. Amri iliyotokana na mkutano wa wananchi husimamiwa na macho mengi kuliko ya mgambo pekee.

Hatua ya pili ni kipato mbadala. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wapika pombe wanaotaka kubadili biashara wanaweza kujiunga katika kikundi na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Hatua ya tatu ni makubaliano ya nyumbani. Kabla ya malipo ya kahawa au mshahara kufika, mume na mke wapange pamoja ada, chakula na pembejeo, na fedha hizo zitengwe kwanza.

Hatua ya nne ni tiba. Utegemezi wa pombe ni ugonjwa, na kumtukana mgonjwa hakumponyi. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla akiwa nyumbani, kwani anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege. Apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya, naye Afisa Ustawi wa Jamii aisaidie familia.

Taarifa za dawa za kulevya hupokelewa bila malipo kwa namba 119, na za ukatili dhidi ya watoto kwa namba 116.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Mkazi anayetaka suala la vilabu lijadiliwe amwombe Mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Kijiji aliingize katika ajenda mapema, kabla fedha za kahawa hazijaingia. Ngoro huchimbwa kabla ya maji kuanza kuteremka.