Ardhi na Udongo: Mabadiliko ya Malisho Sericho

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno ardhi na udongo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti yake si ndogo. Ardhi hugawanywa, hukodishwa na hata kupiganiwa. Udongo hubadilika polepole kwa kadiri ya yale yanayotendwa juu yake. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo kwa kuangalia Sericho, wadi iliyo Garba Tula katika Kaunti ya Isiolo, upande ambako mto Ewaso Ng'iro huelekea kinamasi cha Lorian.

Waborana wa huko waligawa malisho kwa majira. Dedha, yaani eneo la malisho la jamii, ilikuwa na sehemu ya masika, sehemu ya kiangazi na akiba ya wakati wa ukame, na wazee wa jarsa dedha ndio walioamua mifugo ihame lini. Mpangilio huu aghalabu huhesabiwa kuwa mila tu, ilhali ulikuwa pia elimu ya udongo. Kwato zikipita na kuondoka huvunja utando mgumu wa juu, huzika mbegu na kuchanganya samadi. Kisha nyasi hupumzika, na mizizi yake hufungua vitundu vya kupitishia maji.

Mambo yaligeuka wakati wa Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wafugaji wengi wa Isiolo walipokusanywa katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tula na Merti vikiwa miongoni mwavyo. Baadaye zikaja shule, zahanati na visima. Ni mambo ya heri, lakini kila kimoja kilimvuta mfugaji akae. Mifugo inapokanyaga mahali pamoja mwaka mzima, chembe za udongo hubanana na vitundu huzibika. Mvua za nyanda hizi ni haba na huja kwa kishindo. Zikikuta uso uliobanana hazizami, bali hutiririka na kuchukua tabaka la juu lenye mboji. Nyasi za kudumu hupungua, na mboji hupungua zaidi. Hivyo mvua yaweza kunyesha na malisho yasiote.

Je, mifugo ndiyo adui? La hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Narok ulionyesha kwamba mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita bado pana fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko udongo wa jirani. Samadi hiyo ilirutubisha kwa sababu wenyewe walihama.

Kilimo cha umwagiliaji kando ya mto kina hatari yake. Katika jua kali maji hukauka upesi na kuacha chumvi juu; sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika, na shamba likikauka huwa gumu kama saruji.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaiwezesha jamii kusajili ardhi yake na kuweka kanuni za matumizi. Hati hiyo italinda ardhi. Kuhusu udongo, la kuamuliwa ni kama kanuni hizo zitaacha wazi njia za kuhamia, na kama wazee wa dedha watapewa tena uwezo wa kumwambia mfugaji kwamba wakati wa kuondoka kisimani umefika.