Wiki Moja ya Kugombana

Dubu wa milima ya Colorado hunusa chakula kutoka mbali sana, na akishakinusa anakifuata. Ndiyo maana kambi za huku juu zina sheria isiyojadiliwa: chakula hakiingii kwenye vyumba vya kulala, hata pipi moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mwaka mzima napika kwenye shule moja karibu na Denver, na shule zikifungwa napanda mlimani kupika kwenye kambi ya watoto. Kiangazi changu cha kwanza, kila asubuhi wasimamizi wa vyumba walikuwa wananiletea walivyovikuta chini ya mito na magodoro: mikate iliyokauka, vipakiti vya siagi, paja la kuku ndani ya soksi.

Sikuwahi kuona hayo shuleni. Wakubwa wa kambi hawakushangaa. Mtoto aliyewahi kushinda njaa siku mbili, mlezi wake hajulikani alipo, haamini kwamba chakula cha mchana kitafuatwa na cha jioni. Kumgombeza hakusaidii, na dubu naye hangoji. Tukaamua hivi: meza moja ya jikoni iwe wazi usiku na mchana, ina ndizi, tufaha, mkate na siagi ya karanga, na mtoto achukue bila kuomba. Siku mbili za mwanzo inafagiliwa mpaka inabaki mbao tupu. Kufikia siku ya nne ndizi zinaanza kubaki. Mimi hupima hali ya kambi kwa ndizi zilizobaki.

Nieleze kidogo, maana wasomaji wengi hawajaona mambo haya. Shule za Marekani hufungwa zaidi ya miezi miwili, kati ya Juni na Agosti, na wazazi wako kazini. Mwenye uwezo hulipia kambi, mtoto akaogelee, apige makasia ziwani, aimbe kando ya moto. Kambi yetu hailipishi. Inaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea, na watoto wake wote wako kwenye malezi ya kambo au wamepitia huko.

Malezi ya kambo ya huku ni suala la mahakama. Hakimu akiridhika kwamba mtoto hayuko salama nyumbani, kwa kupigwa, kutelekezwa au kwa sababu mzazi amezama kwenye dawa za kulevya, mtoto hutolewa na kupelekwa kwa mlezi anayepewa posho na serikali. Takwimu za serikali za mwaka 2021 zilionesha watoto wapatao 391,000 katika hali hiyo nchi nzima. Shabaha ya kwanza ni wazazi wajirekebishe, watoto warudi. Ikishindikana, waasiliwe. Katikati hapo mtoto anaweza kuhamishwa nyumba baada ya nyumba, na nguo zake mara nyingi husafiri kwenye mfuko mweusi wa takataka. Ipo misaada mingi ya kuwapa watoto hawa mabegi, na hata kambini kwetu kila mtoto anaondoka na begi. Bado wapo wanaoshuka garini na mfuko ule mweusi.

Sasa fikiria ndugu wanne wametolewa nyumbani usiku mmoja. Nani ana vitanda vinne vya ziada? Mdogo anakwenda kwa familia inayotaka mtoto mchanga, wawili wa katikati wanapelekwa mji mwingine, na yule wa miaka 14, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapikia wenzake, anaishia kwenye nyumba ya vijana. Sheria ya taifa ya mwaka 2008 inazitaka ofisi za ustawi zifanye juhudi za kuwaweka ndugu pamoja, au angalau wawe wanaonana. Juhudi zinafanyika, lakini vitanda haviongezeki kwa sababu sheria imepitishwa.

Aliyelitazama tatizo hili kwa jicho la mwenyewe ni Lynn Price. Yeye na dada yake walilelewa kwenye nyumba tofauti, na undugu wao ulikuja kukolea wakiwa watu wazima. Alipokuwa akijitolea kwenye makazi ya muda ya watoto huko Las Vegas, akawaona ndugu wakikutana na kutenganishwa vilevile. Mwaka 1995 akaanzisha Camp To Belong, kambi ya kuwakutanisha ndugu waliotawanywa, na mtindo huo umeenea kwenye majimbo kadhaa na hata Australia. Yetu inafuata mtindo huohuo: ndugu wanapewa kundi moja, wanakula meza moja na wanapanda mtumbwi mmoja.

Wageni wanaotutembelea huja na vitambaa vya kufutia machozi, wakitarajia kuona ndugu wakikumbatiana. Kukumbatiana kupo, siku ya kwanza, kama robo saa hivi. Kinachofuata ni ugomvi: nani akae mbele, nani kavunja kasia, nani alianza. Msimamizi mpya huwa anakimbilia kuamua. Mimi humwambia aache. Watoto hawa kwa walezi wao ni wapole mno, kwa sababu wanajua mtoto msumbufu huhamishwa. Hapa ndipo mahali pekee ambapo wanaweza kununa na bado mtu akabaki kuwa kaka yao.

Ugomvi mmoja ulitokea mbele ya dirisha langu la kupakulia. Nilikuwa nimepika makaroni ya jibini, na maharage yalikuwa bado, maana juu huku maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha na maharage hayaivi upesi. Msichana wa miaka kama kumi akamwambia mdogo wake, “Mama alikuwa anaweka soseji.” Mdogo akakataa: mama hakuwahi kuweka soseji, aliyekuwa anaweka ni yule mama jirani mwenye mlango wa kijani. “Mlango ulikuwa wa bluu!” Foleni nzima ikasimama. Wakabishana mlango, wakabishana jina la paka, wakabishana kama ngazi ilikuwa upande wa kushoto au wa kulia, sahani zinapoa mikononi. Maskani yao ya zamani haikuwa na mtu mwingine wa kuikumbuka. Walezi wao wa sasa hawakuwahi kuiona, na faili la ustawi haliandiki rangi ya mlango.

Siku ya tano ni sikukuu ya kuzaliwa ya watu wote. Ndugu hawa wamekosa siku za kuzaliwa za wenzao kwa miaka, basi tunazilipa zote kwa mkupuo. Chumba kimoja kinageuzwa duka la zawadi zilizochangwa, kila mtoto anaingia kumchagulia ndugu yake, anafunga mwenyewe kwa karatasi na kuandika kadi. Mimi nahangaika na keki. Lazima kila ukoo uwe na yake na majina yote juu, na unga unaumuka ovyo kwenye mwinuko huu.

Shangazi yangu wa Muheza huniuliza kwenye simu, “Kwani hao watoto hawana ukoo?” Wanao, shangazi. Karibu theluthi moja ya watoto wa mfumo huu wanakaa kwa bibi, mashangazi na ndugu wengine, na serikali inalitaka hilo zaidi na zaidi. Siku moja nikamkumbusha msiba wa baba mdogo. Watoto watano tuliwagawa jamvini siku ya arobaini: mmoja kwa mjomba Dar es Salaam, wawili kwa bibi, mmoja Korogwe, mmoja Arusha. Hakuna aliyewauliza. Hatukwenda mahakamani, lakini wale wawili wa mwisho walikaa miaka mingapi bila kuonana? Shangazi akahamisha mazungumzo kwenye bei ya sukari.

Wiki moja ni kidogo, na sitasema vinginevyo. Jumamosi asubuhi magari yanajipanga, na wapo watoto wanaoanzisha vurugu tangu Ijumaa ili kuachana kusiwaume sana. Baadhi ya walezi hupeana namba za simu palepale uwanjani na kuanzia hapo watoto wanaonana kila mwezi. Wengine wanakutana tena kiangazi kijacho, kama hakimu na umbali vitaruhusu.

Mwaka jana nilipewa msaidizi wa jikoni ambaye aliwahi kuwa mtoto wa kambi hii. Amevuka miaka 18, ameshatoka kwenye mfumo, na mdogo wake wa kike bado anakuja. Anakata vitunguu vibaya, vipande kama vya kulishia ng'ombe. Zamu ya kupakua anaitaka yeye kila siku, na sahani ya mdogo wake inatoka na vipande viwili vya kuku wakati wengine wanapata kimoja. Nimemwonya. Alinijibu, “Sawa, mama,” na jioni yake nikahesabu vitatu.