Led Zeppelin: Wabunifu au Wadokozi?

Filamu ya Becoming Led Zeppelin, iliyoingia kumbi za sinema mwaka 2025, imeamsha ubishi wa zamani: je, bendi hiyo ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1968 ilibuni muziki wake, au ilidokoa kwenye vyungu vya wengine?

Wanaoilaumu wana ushahidi. Mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi wa blues wa Chicago, alishtaki akidai kuwa wimbo wao “Whole Lotta Love” ulichota maneno ya utunzi wake, “You Need Love”. Walimalizana nje ya mahakama, na leo jina lake limo miongoni mwa watunzi. “Dazed and Confused” nao ulirekodiwa kwanza na Jake Holmes, 1967. Kuazimana mistari ni desturi ya blues, sawa, lakini desturi haikumruhusu mtu kula mirabaha peke yake.

Kesi iliyodai kuwa “Stairway to Heaven” nao ulidokolewa ilikuwa dhaifu zaidi. Led Zeppelin walishinda mwaka 2016, na rufaa ikatupwa 2020.

Ubunifu wao hasa uko kwenye sauti. “When the Levee Breaks” ni wimbo wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, wa mwaka 1929, ukiimbwa kwa magitaa tu. Led Zeppelin waliweka ngoma za mwenzao John Bonham kwenye ukumbi wa nyumba ya Headley Grange, wakaning’iniza maikrofoni juu kwenye ngazi. Mshindo uliotoka ulikuwa haujawahi kusikika. Mwaka 1986 Beastie Boys waliunyofoa, wakaujengea rapu yao “Rhymin & Stealin”.