Kombe la Jiweni na Kombe la Baharini

Mkulima, ukichimba mawe ya chokaa huko Micheweni au penginepo upande wa mashariki wa Pemba, huenda ukakuta kombe kubwa limeshikamana na mwamba, ukingo wake umepinda-pinda kama mawimbi. Usidhani kwamba liliachwa hapo na watu waliolila. Mwamba huo ni matumbawe ya kale. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko leo kwa futi 20 hivi, na makombe yaliishi papo hapo ulimapo. Basi ulionapo, jua kwamba udongo ni mchache na jiwe li karibu: panda mtama na kunde, wala usipoteze miche ya mikarafuu.

Jamaa ya makombe haya huitwa Tridakna. Mabaki yake yaonekana katika mawe yenye umri wa miaka milioni 20 hivi. Bahari imepanda na kushuka mara nyingi, nayo hayakukatika. Lakini sasa mkono wa mtu waweza kuyamaliza, kwa sababu hizi.

Kwanza, nyamani mwake mnaishi vijimea vidogo mno, vinavyojipatia nguvu kwa jua kama majani ya mhogo, na kuligawia kombe chakula. Kwa hiyo hukaa penye maji maangavu ya kina kidogo, ambapo kila aendaye pwani wakati wa bamvua hulifikia. Pili, hukua polepole. Tatu, likiwa changa ni dume tu. Likikua ndipo hutoa mayai pia. Mayai hayo hutolewa majini, na yasipokutana na mbegu za jirani hupotea.

Basi yakupasa kufanya haya:

1. Usichukue makombe yote ya mwamba mmoja. Yaache makubwa, tena yakiwa karibu-karibu.

2. Lima kwa kukingama mteremko, ili mvua isichukue udongo wako baharini na kuyaziba jua.

3. Usikate mikoko ovyo, kwa maana mizizi yake huzuia tope.

Tangu mwaka 1985 mapatano ya mataifa yameweka masharti juu ya biashara ya makombe yaliyo kwetu. Lakini ulinzi wa kila siku u mikononi mwako. Hakuna mkulima alaye mbegu yake yote ya mpunga, kisha akatumaini kuvuna mwakani.