Watoto Wadogo Katika Kiwanja cha Ndege

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari za kusafiri na watoto wadogo kwa ndege, na hasa mambo yanayompata mzazi ndani ya kiwanja kabla hajakaa kitini mwake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2006, katika kiwanja cha ndege cha Los Angeles, nchi ya Marekani, bibi mmoja asiyezoea safari hizo alifika mahali pa ukaguzi pamoja na mjukuu wake wa mwezi mmoja. Huko watu huweka mikoba yao katika sinia za plastiki, na sinia hizo huingia ndani ya mashine ya eksirei. Bibi yule naye akamlaza mjukuu wake katika sinia, na sinia ikaingia. Ofisa aliyekuwa akitazama picha za mashine aliona umbo la mtoto, akashtuka, akamtoa upesi. Mtoto alipelekwa hospitali, na waganga walisema kwamba hakupata mionzi ya kumdhuru.

Tusimcheke bibi yule, maana kosa lake li karibu nasi sote. Mama ambebaye mwanawe mgongoni kwa mbeleko humhesabu kuwa sehemu ya mwili wake. Hata ndani ya basi mtoto huyo hadaiwi nauli, wala hapana amwulizaye jina. Katika kiwanja cha ndege sivyo. Huko mtoto, hata akiwa wa wiki tatu tu, huhesabiwa kuwa msafiri kamili, mwenye jina lake, vyeti vyake na njia yake ya kupita. Mzazi akilishika neno hili, mengine yote yatamwia mepesi.

Kwanza tutazame vyeti. Zamani katika nchi nyingi mtoto aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya baba au mama. Desturi hiyo imeachwa mahali pengi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ilikoma mwezi wa Juni mwaka 2012. Sababu ni kuwalinda watoto wenyewe, ili mtu asiweze kumvusha mpakani mtoto asiye wake. Kwa hiyo mzazi amtakie mtoto pasipoti yake mapema, tena achukue na cheti cha kuzaliwa. Na ikiwa mzazi mmoja tu ndiye asafiriye, yafaa awe na barua ya idhini kutoka kwa mwenzake, kwa kuwa maofisa wa uhamiaji wa baadhi ya nchi huiulizia.

Kadhalika kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa mtoto aliyetimiza miezi 9. Nchi nyingine hukidai cheti kwa kila mtoto wa umri huo, na nyingine kwa aliyetimiza mwaka mmoja. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Basi mzazi ampelekaye mtoto kuchanjwa jana, akataka kusafiri naye kesho, aweza kurudishwa pamoja na mizigo yake.

Habari ya tikiti nayo ina hesabu yake. Mtoto aliye chini ya miaka 2 huruhusiwa kupakatwa, na katika safari za nchi za nje mashirika mengi hutoza kwa ajili yake kama sehemu moja katika kumi ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2, hapana budi awe na kiti chake. Mzazi aitazame siku ya kuzaliwa kwa mtoto kabla ya kununua tikiti, maana huenda akaondoka akiwa wa kupakatwa, na wakati wa kurudi akawa mwenye kiti.

Sasa twende kwenye ukaguzi. Mtoto hatolewi mikononi mwa mzazi wake. Kigari chake hukunjwa na kupita katika mashine, mkoba wake wa nepi hupita, na hata mbeleko mara nyingi huombwa kufunguliwa. Lakini mtoto mwenyewe huvushwa mlangoni akiwa amebebwa mikononi. Mtoto ajuaye kutembea apite peke yake, na mzazi mmoja atangulie ili ampokee upande wa pili. Yafaa aelezwe nyumbani mambo atakayoyaona, hasa kwamba mwanasesere wake atachukuliwa kwa dakika chache kisha atarudishwa, maana kwa mtoto asiyejua jambo hilo, kuchukuliwa na kupotea ni mamoja.

Wazazi wengi huogopa habari ya maziwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2006, polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa baruti ya majimaji iliyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi vikakataza kuingia ndegeni na chupa ya kitu cha majimaji ipitayo mililita 100, ijapokuwa vingine vilivyopata mashine mpya vimeanza kulegeza. Lakini maziwa ya mtoto, maji yake yaliyochemshwa na chakula chake kilichopondwa kwa kawaida huruhusiwa kwa kiasi cha kumtosha safarini. Yasifichwe. Yatolewe mkobani na kuonyeshwa kwa ofisa, naye aweza kuyapima.

Baada ya ukaguzi ndipo watu huketi ukumbini kungoja, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mzazi adhanivyo, kwa sababu amekwisha kupumua. Mtoto hupotea zaidi pale walipo watu wazima wengi, kwa kuwa kila mmoja hudhani kwamba mwenzake ndiye amtazamaye. Kwa hiyo wagawane kwa majina: baba amshike Juma, mama amshike Asha. Mtoto avikwe nguo ya rangi kali ionekanayo kwa mbali, na namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa wino mkononi mwake. Ngazi zinazokwenda zenyewe nazo si mchezo. Meno yake hunasa ndala laini na pindo la kanga, na kigari cha mtoto hakifai kupandishwa humo. Afadhali kutumia lifti.

La mwisho ni masikio. Aliyepanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto ajua jinsi masikio yanavyoziba. Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo cha hewa, chenye mfereji mwembamba uendao hadi kooni. Hewa ya nje ikibadilika nguvu, mfereji huo hauna budi kufunguka ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Ama sivyo kiwambo husukumwa, kikauma. Ndani ya ndege iliyo juu sana hewa hufanywa iwe kama ya mlima wa kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kiwanja cha Nairobi ki katika kimo cha kama mita 1,600, kwa hiyo atuaye hapo haoni badiliko kubwa. Bali atuaye Dar es Salaam au Mombasa hushuka hadi karibu na usawa wa bahari, na mtoto hulia zaidi.

Kinachoufungua mfereji huo ni kumeza. Sisi humeza mate au hupiga miayo. Mtoto mchanga hajui. Basi mama amnyonyeshe au ampe chupa wakati ndege ianzapo kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, na mtoto awe macho, maana aliyelala humeza mara chache. Mkubwa kidogo apewe maji ayanywe polepole. Mtoto mwenye mafua makali aonyeshwe kwa mganga kabla ya safari.

Ndugu wasikilizaji, kwa safari ya nchi za nje fikeni kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka, maana mtoto atataka kula, kubadilishwa nepi na kulia, wala hatauliza kwanza kama mna nafasi. Mzazi mwenye haraka hukasirika, na mtoto huiona hasira hiyo kabla hajajua sababu yake. Msafiri huyu mdogo hawezi kusoma kibao wala kuuliza njia. Yote hayo ameyaweka mikononi mwenu.

Mungu awafikishe salama. Kwaherini.