Lenzi za zamani katika kamera za kisasa: mfano wa Bluff, Durban

Meli za mizigo zinazoingia katika bandari ya Durban, Afrika Kusini, hupita chini ya kilima kirefu kinachoitwa Bluff. Upande mmoja wa kilima hicho iko bandari, na upande wa pili ni Bahari ya Hindi, yenye miamba, fukwe na wimbi mashuhuri la Cave Rock linalowavutia watelezaji wa mawimbi. Kuanzia takriban mwezi Juni hadi Novemba, nyangumi wenye nundu nao hupita katika maji hayo, wakielekea kaskazini penye joto na baadaye kurejea kusini.

Mtu akiitazama bahari hiyo hudhani kwamba bila kamera ya bei kubwa, inayojilenga yenyewe, hakuna picha itakayopatikana. Ukweli ni tofauti. Sehemu kubwa ya mambo yanayoonekana Bluff yaweza kupigwa picha safi kwa lenzi iliyotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita, ambayo mpiga picha huilenga kwa kuizungusha pete yake kwa mkono.

Kwa nini ziliachwa?

Kabla ya miaka ya 1980, karibu lenzi zote zililengwa kwa mkono. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1985, kampuni ya Minolta ya Japani ilipotoa kamera iliyokuwa na mtambo wa kujilenga ndani yake. Mwaka 1987 kampuni ya Canon ilianzisha mfumo mpya wa EOS, na lenzi zake za awali hazikuweza tena kufungwa moja kwa moja katika kamera mpya. Nikon, kwa upande wake, ilibakia na mfumo wa kufungia lenzi ulioanza mwaka 1959. Hata hivyo, lenzi nyingi za zamani, zikiwemo zilizokuwa nzima kabisa, ziliishia kabatini.

Zilizozifufua ni kamera za dijitali zisizo na kioo cha kuakisi ndani, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008 kwa kamera ya Panasonic iitwayo Lumix G1. Sababu yake ni ya vipimo. Kila lenzi imeundwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu au sensa inayopokea mwanga. Lenzi ya Nikon ya zamani huhitaji umbali wa milimita 46.5. Katika kamera za Sony zisizo na kioo, umbali huo ni milimita 18 tu. Milimita 28.5 zinazobaki huzibwa na adapta, yaani bomba fupi la chuma lisilo na lenzi yoyote ndani yake, na ubora wa picha haupungui.

Kinyume chake huleta shida. Lenzi ya zamani ya Canon ya aina ya FD iliundwa kwa umbali wa milimita 42, ilhali kamera za EOS zenye kioo zina milimita 44. Hapo lenzi hukaa mbali mno. Vitu vya karibu vitaonekana vizuri, lakini meli iliyo kwenye upeo wa macho itabaki imefifia, isipokuwa adapta iwe na lenzi ya nyongeza, ambayo mara nyingi hupunguza ubora. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu hana budi kuuliza lenzi ni ya mfumo gani na kamera ni ya mfumo gani.

Jinsi ya kulenga

Kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo humsaidia mpiga picha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupaka rangi kingo za vitu vilivyo katika ulengo, na ya pili ni kukuza sehemu ndogo ya taswira ili jicho lihakikishe. Njia ya pili ndiyo ya kuaminika zaidi. Utaratibu mzuri ni kufungua tundu la lenzi kikamilifu, kulenga, kisha kulipunguza tundu hadi kiwango kinachotakiwa. Kamera ikiwekwa katika hali ya kuchagua tundu, yenyewe hupanga kasi ya kufyatua kulingana na mwanga.

Vitu vinavyokwenda havifukuzwi, bali husubiriwa. Meli inayoingia bandarini hufuata njia inayojulikana, basi lenzi hulengwa mapema mahali itakapopita. Vivyo hivyo kwa mtelezaji wa mawimbi: mpiga picha hulenga pale wimbi linapovunjikia, akafyatua mtu anapofika hapo.

Hesabu nayo husaidia. Lenzi ya milimita 28, katika kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya kawaida, ikiwekwa kwenye tundu la f/8 na kulengwa mita 3.3, huonyesha kwa ukali unaotosha kila kitu kuanzia mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho. Ya milimita 50 kwa tundu hilo hilo hulengwa mita 10.5, na ukali huanzia kama mita 5.3. Lenzi ndefu ya kupigia nyangumi haina nafasi hiyo. Tena, kwa kuwa adapta nyingi huwa nyembamba kidogo kuliko kipimo, alama ya mwisho ya pete si lazima iwe ndiyo upeo wa macho. Ni lazima kukagua kwa kukuza taswira.

Picha zisipotee

Lenzi hizo zina kazi nyingine ambayo thamani yake haipimwi kwa uzuri wa mandhari. Mwaka 1873, jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwafikisha Durban watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaja kujulikana kwa jina la Wazanzibari. Jamii yao ilikaa King's Rest, hapo Bluff, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipohamishiwa Chatsworth chini ya sheria ya ubaguzi iliyotenga makazi kwa rangi.

Kwa jamii yoyote iliyong'olewa mahali pake, picha ya familia ni zaidi ya pambo: ni ushahidi kwamba watu waliishi hapo. Nayo karatasi huchakaa. Njia nafuu ya kuihifadhi ni kuinakili kwa kamera, na lenzi ya zamani ya kupigia vitu vya karibu hufaa sana, kwani mtambo wa kujilenga waweza kusitasita mbele ya picha iliyopauka, lakini jicho huona chembe za karatasi. Picha hulazwa mezani, kamera ikaelekezwa chini sambamba nayo, taa mbili zikawekwa pembeni kwa nyuzi 45, tundu likawa f/8, na kamera ikafyatuliwa kwa saa yake ili isitikisike.

Adui ni chumvi na kuvu

Katika mwambao wote wa Bahari ya Hindi, kuanzia Lamu hadi Durban, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani, na chumvi ya upepo hula chuma. Lenzi ifutwe baada ya kazi ya pwani na ihifadhiwe katika chombo kikavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Anayenunua aimulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi kama za utando wa buibui ni dalili ya kuvu. Pete izunguke kwa ulaini, na vibati vya tundu visiwe na mafuta.

Lenzi hizi hazifai kila kazi. Katika mpira wa miguu, harusi au habari za dharura, kamera inayolitambua jicho la mtu na kulifuata hushinda mkono wowote. Lakini kwa kijana asiye na fedha nyingi, mwenye kamera moja na lenzi iliyoachwa na mzee wake, njia haijafungwa. Anachotakiwa ni kujua vipimo, kuitunza lenzi isiingie unyevu, na kuchagua mahali pa kulenga kabla meli haijafika.